Mgeni Aliyemla Mwenyeji

Wako watu wasemao kwamba samaki ni samaki. Maadamu mto una kitoweo, haidhuru ni samaki gani. Ewe msomaji, yapime maneno hayo kabla ya kuyakubali.

Katika milima ya Cederberg, Afrika Kusini, uko mto mdogo uitwao Rondegat. Miongoni mwa samaki wake wa asili wamo wadogo wenye mapezi mekundu, wasiopatikana popote duniani ila katika mto Olifants na mito iuingiayo. Kisha, kwa ajili ya mchezo wa kuvua kwa ndoana, akaletwa besi, samaki mlafi wa Marekani ya Kaskazini. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaliwa. Juu ya maporomoko, ambako besi hakuweza kupanda, wenyeji walisalimika. Chini yake, wale wadogo walitoweka.

Mwaka 2012 wataalamu walitia rotenoni, sumu itokayo katika mizizi ya mimea, katika kilomita 4 za mto huo, baina ya maporomoko na ukuta unaomzuia besi kupanda tena. Mwaka 2013 wakarudia. Besi wakaisha, na samaki wa asili wakateremka kuyakalia makao yao ya kale.

Mtu atanung'unika, "Kutia sumu mtoni ni ukatili!" Kweli, wadudu wa majini pia walikufa. Lakini sumu hiyo huisha nguvu upesi, na wadudu wengi hurudi. Samaki aliyekwisha duniani harudi kamwe. Ukatili mkubwa ni upi?

Hata hivyo, dawa hiyo ni ya mto mdogo. Nani awezaye kulitia sumu Ziwa Victoria? Humo, katika miaka ya 1950, walitiwa mbuta pamoja na aina ngeni ya ngege. Ngege wa asili, aliyekwisha kupunguzwa na uvuvi wa kupita kiasi, akakaribia kutoweka ziwani. Mabaki yake yamejificha katika maziwa madogo kama Kanyaboli, karibu na mto Yala. Hapana budi kuyalinda maficho hayo.

Basi usimchukue samaki wa mto mmoja ukamtia katika mwingine, wala usimwachie mwenzio afanye hivyo kwa kisingizio cha faida. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika ziwa kubwa, ukuta wenyewe haujengeki.