Sirene za zamani zinarudi Ulaya, lakini sirene peke yake haiokoi mutu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita ya muchana, sirene zinalia katika miji mingi ya Ufaransa. Mulio unapanda na kushuka kwa dakika 1 na sekunde 41. Watu wanaendelea kula chakula chao, juu wanajua kama ni jaribio tu. Siku ingine, kama mulio huo unarudiwa mara tatu, wanajua pia la kufanya: kuingia ndani ya nyumba, kufunga milango, kufungua radio.

Huku mashariki ya Congo, sirene inajulikana zaidi kwa musafara wa wakubwa. Ikilia, kazi yako ni kutoka barabarani. Ulaya mutambo huu una historia ingine. Ulienea wakati wa Vita ya Pili ya Dunia kwa kuonya raia kama ndege za mabomu zinakaribia, kiisha ukabaki wakati Marekani na Umoja wa Kisovieti walikuwa wanatishana na mabomu ya atomiki. Ndani yake mota inazungusha gurudumu lenye matundu, matundu yanakatakata hewa, na hewa inalia. Haiombi rezo ya simu wala intaneti. Inaamsha hata mutu aliyelala na simu yake imezimika. Munamo mwaka wa 1952, kampuni ya Chrysler ya Marekani ilifikia kutengeneza sirene yenye kuendeshwa na mota ya V8, nguvu ya farasi 180. Zile zenye zimebaki leo, nyingi ziko mikononi mwa majumba ya makumbusho na wapenzi wa vitu vya kale. Lakini sirene zingine zingali kazini. Chicago wanazijaribu kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa ine asubuhi, na hatari wanayoogopa kule sasa ni upepo mukali wa tornado.

Inchi zingine ziliona kama vita imeisha, zikazishusha. Uingereza ilizitoa sehemu kubwa katika miaka ya 1990. Ujerumani vilevile: serikali kuu iliacha kazi hiyo, sirene nyingi zikavunjwa, zingine zikaachiwa wazima-moto. Tarehe 10 mwezi wa tisa 2020, Ujerumani ilifanya jaribio la inchi nzima. Ujumbe wa simu ulichelewa, na sehemu nyingi hakukuwa tena sirene ya kulia. Hata mwaka mumoja haukupita. Usiku wa tarehe 14 mwezi wa saba 2021, muto Ahr ulifurika na kuua watu zaidi ya 130. Katika muji wa Sinzig, watu 12 wenye ulemavu walikufa maji ndani ya nyumba moja. Mamlaka ya wilaya ilitangaza hatari ya juu kabisa karibu saa tano za usiku, wakati maji yalikuwa tayari yamebeba nyumba upande wa juu wa bonde. Kiisha hapo pesa zikapatikana, na sirene zikaanza kurudi juu ya mapaa. Tangu vita ya Ukraine ianze mwezi wa pili 2022, ambako sirene za wakati wa Wasovieti zinalia mpaka leo pamoja na zile za kwenye simu, hakuna tena anayezicheka.

Mutu anaweza kusema basi tununue sirene, mambo yaishe. Inafaa kuangalia kwanza yaliyotokea Hawaii. Kisiwa cha Maui kilikuwa na sirene karibu 80. Tarehe 8 mwezi wa nane 2023, moto ulikula muji wa Lahaina, watu zaidi ya 100 wakafa, na hakuna hata sirene moja iliyolia. Mukubwa wa idara ya dharura alijitetea hivi: watu wa kule wamezoea kama sirene ni ya tsunami, mawimbi ya bahari. Wangekimbilia mulimani, na mulimani njo kulikuwa moto. Siku iliyofuata alijiuzulu. Wengi walimukasirikia, na walikuwa na haki, kwa sababu umeme na rezo ya simu vilikuwa vimekatika na watu hawakuwa na onyo lingine. Lakini alichosema si upuuzi.

Goma wanalielewa jambo hilo vizuri kuliko wengi. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho, Nyiragongo ililipuka usiku ukiingia. Watu walipata habari kwa macho yao, walipoona anga imekuwa nyekundu. Kituo cha kuchunguza volkano kilikuwa kimepita miezi bila intaneti, sababu musaada wa pesa kutoka inje ulikuwa umekatika. Na tena, wataalamu waliochunguza kiisha walikuta kama mulima ulitoa dalili za wazi dakika makumi tu mbele ya lava kutoka. Dakika makumi hazitoshi kuandika tangazo, kutafuta sahihi ya mukubwa na kulituma kwa radio. Kwa sirene zinatosha.

Sasa, sirene ikilia Majengo ao Buhene saa nane za usiku, mutu atafanya nini? Raia wa Goma amefundishwa na vita: ukisikia mulio wa kutisha, lala chini, usitoke inje, ngoja risasi zipite. Kwa lava ni kinyume. Anayelala chini na kungoja njo anayeungua. Mulio ni ule ule, na maana mbili zinapingana. Mufaransa ameisikia sirene yake tangu masomo ya musingi, kila mwezi, njo maana haimuchanganyi. Katika muji ambao sauti ya mabomu ni ya juzi tu, jaribio la kila mwezi lingeleta woga kwanza, na pengine watu kukanyagana kama halikutangazwa siku nyingi mbele.

Kuna pia usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi huo wa tano 2021. Agizo la kuhama kartie 10 lilipitia radio na televisheni, likitaja kartie kwa majina na njia ya kufuata, upande wa Sake. Watu mamia ya maelfu waliondoka, wengine wakavuka mupaka kuingia Rwanda. Sirene isingeweza kusema Sake. Ingeamsha tu watu ili wafungue radio, na mulipuko wa pili haukutokea. Anayebonyeza kitufe anabeba hatari hiyo pia: akipiga bure mara mbili, mara ya tatu watu watabaki vitandani.

Kengele za kanisa, spika za misikiti na filimbi viko tayari katika kila kartie, na havihitaji mufadhili. Maulizo yanayobaki kwa yeyote anayeongoza muji ni haya: nani ana haki ya kuvipiga usiku bila kungoja simu ya mukubwa wake, na mulio gani ni wa lava, mulio gani ni wa risasi.