Kiti cha bunduki kina neno kwa viongozi wa Fizi

Kule Lusenda kiti si jambo dogo. Mkutano ukiitishwa, viti vya plastiki vinapangwa chini ya hema kwa ajili ya wageni waliotoka Baraka, Uvira au Bukavu. Mkimbizi na mwenyeji wa kijiji wao wanasimama juani. Kambi hilo lilifunguliwa mwaka wa 2015 kwa ajili ya Warundi waliokimbia nchi yao, na watoto waliozaliwa humo wamejifunza kumtambua mkubwa kwa kuangalia tu nani amekaa.

Wazee wanalijua somo hilo tangu zamani. Kwa Warega, kiti kidogo cha mbao kilikuwa alama ya cheo cha juu katika Bwami, chama ambacho Wabembe pia walikuwa nacho. Lakini hakuna aliyekipata kwa barua ya kuteuliwa. Mtu alipanda ngazi moja baada ya ingine, ukoo ukimsaidia na mwenendo wake ukichunguzwa. Wabelgiji walipiga Bwami marufuku, wakaacha meza ya biro. Mpaka leo raia anasimama mbele ya meza hiyo, karatasi zake mkononi, akingoja kuangaliwa.

Wachonga sanamu wa leo wameliona jambo hili vizuri kuliko wanasiasa. Kinshasa, Freddy Tsimba anaunganisha maganda ya risasi kuwa miili ya watu, na aliwahi kujenga nyumba nzima kwa mapanga. Msumbiji, Cristóvão Canhavato, anayeitwa Kester, alitengeneza mwaka wa 2001 kiti cha enzi kwa bunduki za vita vilivyomalizika 1992. Sasa kiko British Museum, London. Bunduki hizo hazikutengenezwa Afrika hata moja. Mwenye macho anaona papo hapo mamlaka yamekalia nini.

Wengine watasema sanaa ni mambo ya watu walioshiba. Basi waangalie bunduki hizo zilitoka wapi. Mwaka wa 1995 Baraza la Makanisa la Msumbiji lilianzisha mpango wa kubadilisha silaha kuwa majembe. Aliyeleta bunduki alipewa kitu cha kufanyia kazi: jembe, baiskeli, cherehani, vifaa vya kujengea. Silaha ziliharibiwa, na wasanii wakapewa vipande. Sanamu ilikuja mwisho. Kwanza mtu alirudi nyumbani na cherehani.

Hapo ndipo Fizi inapaswa kusikiliza. Mpango wa serikali wa kunyang'anya silaha, P-DDRCS, uliundwa mwaka wa 2021, na makundi yenye silaha bado yapo milimani. Kijana wa Fizi anayeambiwa aweke bunduki chini anauliza swali moja, na ni swali la haki: atapewa nini mkononi? Hotuba hailimi. Kumwambia aende kungoja kwenye kambi la mafunzo, bila tarehe, ni kumsimamisha tena mbele ya meza.

Mafundi wa kuchomea vyuma hawakosekani Baraka. Wapewe vipande vya bunduki zilizokatwakatwa mbele ya watu wote, watengeneze benchi refu, si kiti cha mtu mmoja. Liwekwe Lusenda, mahali pa mikutano, na siku mgeni wa Bukavu akija, akae hapo pamoja na mama Mrundi na mkulima Mbembe, hema likiwafunika wote.