Dawa ya Choo Kigumu cha Mtoto Imo Shambani Mwetu



Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja: mtoto mdogo anayefunga choo. Sisi watu wa Ntobeye, na wa Ngara nzima, tunaogopa sana kuhara, na tuna haki. Wale tulioona wakimbizi wa Rwanda wakifurika Benaco mwezi Aprili 1994 tunajua hatari ya watu wengi kukosa maji safi. Ndiyo maana mtoto akihara, mara moja tunachanganya maji ya chumvi na sukari na kukimbilia zahanati. Lakini mtoto akikaa siku nne bila choo, akachuchumaa na kulia kwa uchungu, tunasema, "Ataenda tu." Asipoenda, bibi anaitwa aje na bomba.

Juu ya bomba hilo tuna neno.

BOMBA LIACHWE

Kumpiga mtoto bomba la maji ya majani, au kumwingizia kipande cha sabuni, ni desturi ya siku nyingi, na wanaofanya hivyo hufanya kwa upendo. Hata hivyo tunasema wazi kwamba iachwe. Utumbo wa mtoto ni mwororo, unaweza kutoboka. Dawa ya majani haina kipimo, na nyingine ni sumu. Sabuni huunguza ndani. Na hata choo kikitoka leo, kile kilichokifanya kiwe kigumu kimebaki pale pale, ndani ya sufuria. Kesho kutwa tutaanza upya.

Kuna hasara nyingine tusiyoiona. Mtoto aliyeumizwa huogopa. Akisikia haja anabana miguu na kuizuia. Kadiri anavyoizuia, utumbo unafyonza maji yaliyomo, choo kinazidi kukauka, na siku kikitoka kinamchana. Basi anaogopa zaidi. Mtoto huyo si mkaidi, wala hajarogwa. Anaumwa.

TUMEACHA NINI?

Wazee wetu walikula maharage, viazi vitamu, mtama, ndizi na mboga za majani. Vyakula hivi vina makapi, ambayo wataalamu huyaita nyuzinyuzi. Tumbo haliyasagi yote. Yanashika maji, yanakifanya choo kiwe laini na kingi, na kukisukuma nje.

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyetoka Ireland, alifika kwa jirani zetu Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kwamba chakula cha Waafrika wa vijijini kilipita tumboni haraka, na choo chao kilikuwa kingi kuliko cha Waingereza waliokula unga mweupe uliokobolewa. Baada ya hapo Burkitt alizunguka nchi nyingi akiwahimiza watu warudie vyakula vyenye makapi. Wazungu walijifunza kutoka kwenye sahani zetu. Na sisi je? Tunapeleka parachichi na papai gulioni, kisha kwa fedha ile ile tunamnunulia mtoto biskuti, mkate mweupe na unga wa sembe wa uji. Je, hiyo ni maendeleo?

SAHANI YA MTOTO

Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanashauri mtoto wa mwaka 1 hadi 3 apate kiasi cha gramu 10 za nyuzinyuzi kwa siku. Isiwatishe hesabu hii. Vijiko vinne vikubwa vya maharage yaliyoiva, robo ya parachichi, kipande cha papai kama kiganja na kiazi kitamu kidogo vinatosha. Vyote hivi vinalimwa kwetu. Tufanye hivi:

1. Maharage yapondwe pamoja na maganda yake. Tusimchujie mtoto supu tu na kuacha makapi kwenye sufuria.

2. Uji uwe wa dona, mtama au ulezi badala ya sembe. Mboga za majani zikatwe ndogo ndogo na kuiva vizuri.

3. Apate tunda kila siku: papai, parachichi, chungwa au nanasi. Ndizi iwe imeiva kabisa.

4. Anywe maji yaliyochemshwa na kupozwa, kidogo kidogo mchana kutwa. Makapi bila maji huzidisha ugumu. Chai haichukui nafasi ya maji.

5. Wenye ng'ombe wasimjaze mtoto maziwa mpaka akakosa hamu ya chakula. Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, vikombe viwili kwa siku vinatosha.

6. Makapi yaongezwe pole pole, kwa muda wa wiki moja au mbili, tumbo lisije likajaa gesi.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita haya hayamhusu. Huyo anyonye maziwa ya mama tu, asipewe hata maji. Akipitisha siku kadhaa bila choo, lakini ananyonya, anakua na choo chake ni laini, hana ugonjwa. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, maana inaweza kumletea sumu mbaya.

SHIMO LA CHOO

Baba na mama, mmewahi kulitazama shimo la choo kwa macho ya mtoto wa miaka miwili? Ni kubwa, ni jeusi, na mguu wake ni mdogo. Wengi hujizuia kwa hofu hiyo. Tumpe poti au kopo pana lisilo na ncha kali, akae nyayo zikigusa chini, dakika tano hadi kumi baada ya kula, wakati ambapo tumbo lenyewe huamka. Asichapwe wala kuchekwa. Akifaulu asifiwe. Hii si kazi ya mama peke yake. Baba aliyekaa uani jioni anaweza kabisa kumshika mwanawe mkono.

CHAKULA KISIPOTOSHA

Tusidanganyane. Choo kilichokwisha kushindiliwa tumboni kwa majuma mengi mara nyingi hakiondolewi kwa papai. Kama majuma mawili yamepita bila nafuu, mpelekeni zahanati au kituo cha afya. Zipo dawa za kulainisha choo zinazofaa kwa watoto, kama sharubati ya laktulosi. Huenda akaagizwa kuitumia kwa miezi kadhaa. Msiikatishe kwa sababu ya siku mbili nzuri.

Msisubiri hata siku moja kama mtoto anatapika, hasa matapishi ya kijani, kama tumbo limevimba na kuwa gumu, au ana homa, au choo kina damu nyingi. Vilevile mtoto mchanga asiyetoa choo cha kwanza ndani ya saa 48 tangu kuzaliwa, au aliyefunga choo tangu siku zake za kwanza, au asiyeongezeka uzito, lazima aonwe na mganga. Huenda utumbo wenyewe una kasoro.

TUANZE WAPI?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunaomba akina mama wa WAWATA na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo walitaje jambo hili bila haya katika mikutano yao, na wawaite mabibi zetu wakae mbele, maana neno lao ndilo linalosikilizwa nyumbani. Tusiwaaibishe. Tuwaombe watupikie maharage kama walivyokuwa wakipika zamani.

Na kila familia, kabla ya kufunga kapu la kwenda gulioni, ibakize papai moja na parachichi mbili. Hizo ni za mtoto.