Mgonjwa asiyetarajiwa kupona naye ana haki kwa Serikali



Ndugu Waislamu, wapo wagonjwa ambao madaktari, baada ya kufanya kila lililo katika uwezo wao, huwaambia jamaa zao warudi nao nyumbani. Sisi wa Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika twalijua vyema neno hilo, kwa kuwa aghalabu husemwa Dar es Salaam, na kutoka huko hadi kwetu ni safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200. Mwenye kwao Kalya au Buhingu hushuka garimoshi Kigoma, kisha akangoja boti ya mbao impeleke kusini, naye amelala juu ya mkeka kati ya magunia na madumu.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kumzuru mama mmoja wa hapa Ujiji aliyerejeshwa kwa namna hiyo. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake wa nchi yetu. Binti yake alituonesha karatasi iliyosema mgonjwa aendelee kuhudumiwa karibu na nyumbani. Karibu na nyumbani, dawa iliyoandikwa kwenye karatasi ile haikuwapo. Alipewa vidonge vile vile tunavyomeza tukiumwa kichwa. Hakukosa watu mama yule. Visomo vilisomwa, uji ulipikwa kwa zamu, mabinti walimwosha na kumgeuza bila ya kinyaa. Lakini usiku ukiingia kilio chake kilisikika nyumba ya tatu, na wanawe walikuwa wakitoka nje ili wasikisikie. Allah amrehemu.

Tumekisimulia kisa hiki kwa sababu kila inapotajwa huduma ya wagonjwa wa namna hii, wako wanaojibu kwamba sisi Waislamu hatuna haja nayo, kwani hatuwatupi wazee wetu. Ni kweli hatuwatupi. Lakini mapenzi ya watoto hayaondoi maumivu ya saratani iliyofika kwenye mfupa. Kinachoyaondoa, au kuyapunguza hadi mtu akaweza kulala, kuswali kwa ishara na kuusia wanawe akiwa na akili timamu, ni dawa iitwayo morfini, ikitolewa na mtu aliyefundishwa kuitoa.

Wataalamu wa nchi yetu huiita huduma hii tiba shufaa. Kwa sikio la Muislamu neno shufaa lina uzito wake, maana ni kusimama kwa ajili ya mwenye kuhitaji pale ambapo mwenyewe hana la kujitetea.

Morfini ya kunywa si dawa ya ghali wala ya ajabu. Ni unga unaochanganywa na maji, mgonjwa akanywa kipimo chake kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu morfini hufunga tumbo. Anayeipata kwa kipimo sahihi kwa ajili ya maumivu halewi akapotewa na fahamu, na wanavyuoni wetu wameliweka wazi suala la dharura ya tiba. Kwa hiyo anayemnyima mzazi wake dawa hii kwa kuiogopa haramu ana wajibu wa kwenda kuuliza kwanza.

Ugumu umo katika mipango. Kwa kuwa morfini ni katika dawa zinazodhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, kila nchi hukadiria mahitaji yake ya mwaka na kuyawasilisha kwenye bodi ya kimataifa iliyoko Vienna. Makadirio hayo hutegemea hospitali zimeomba kiasi gani. Mkoa usioomba huhesabiwa kama kwamba hauna wenye maumivu. Kwa miaka mingi dawa hii ilitayarishwa na kugawiwa kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo imekuwapo kama taasisi tangu 1996, na hospitali ya mbali ilibidi iwe na mtu mwenye bidii ya kuifuata huko. Je, bidii ya mtu mmoja ndiyo mpango?

Tuseme ukweli pia juu ya wenzetu. Sehemu kubwa ya huduma hii hapa nchini imekulia katika hospitali za makanisa, kama Selian ya Arusha na Teule ya Muheza. Wanastahiki shukrani. Lakini nao wametegemea sana wafadhili, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila mtu aliona jinsi huduma isiyo na fungu katika bajeti ya nchi inavyoweza kutikisika kwa saini ya mtu aliye mbali.

Jirani zetu wa Uganda walianza mwaka 1993, Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Kilichowafikisha mbali ni Serikali yao kuingia. Mwaka 2004 waliruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini, na gharama ya dawa ikabebwa na Serikali, mgonjwa asidaiwe. Ukiutazama mwambao wetu, ambao vijiji vyake vingi vina zahanati isiyo na daktari, utaona kwa nini ruhusa ya muuguzi ni jambo kubwa kuliko jengo la ghorofa.

Huko India, jimbo la Kerala lilipitisha sera ya huduma hii mwaka 2008. Katika wilaya ya Malappuram, ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, majirani wa kujitolea huzunguka nyumba kwa nyumba pamoja na muuguzi anayeajiriwa kupitia halmashauri za vijiji. Sadaka ya watu ipo, na mkono wa dola upo.

Wala si jambo geni kwetu. Hospitali aliyoijenga Sultan Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 iliendeshwa kwa mali ya wakfu, na katika miji ya Kiislamu muhtasib alikuwa na mamlaka ya kuwakagua waganga na wauza dawa. Wema haukuachwa bila ya msimamizi.

Basi tunawataka wenye mamlaka Manispaa ya Kigoma Ujiji, Halmashauri ya Kigoma na Uvinza waiingize tiba shufaa kwa jina lake katika mpango wa afya wa halmashauri, pawe na fungu, pawe na muuguzi aliyepelekwa mafunzoni, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni itajwe kuwa ghala la kuvihudumia vituo vya ziwani. Mkaguzi wa mkoa anapohesabu kama chanjo zimo kwenye jokofu, ahesabu pia ni siku ngapi morfini ilikosekana na ni wagonjwa wangapi waliotembelewa majumbani. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao mpango wao Serikali iliuzindua Januari 2024, wafundishwe kumtambua mgonjwa mwenye maumivu na kujua pa kumpeleka taarifa.

Na sisi tuna viti katika kamati za afya za zahanati, lakini ni nani katika misikiti yetu anayejua mjumbe wake ni nani? Mwaka wa fedha huanza Julai, na mipango huandikwa miezi mingi kabla. Maimamu wa Ujiji, Mwanga, Gungu na Kibirizi wanaweza kukutana baada ya Ijumaa moja, wakaandika barua kwa Mganga Mkuu wa Manispaa yenye swali moja tu: mwaka huu imeagizwa morfini kiasi gani?