Mlipeni Kwanza, Ndipo Mumhamishe

Kutoka stendi ya Bukoba hadi Muleba mjini ni kilomita zipatazo 70, lami mwanzo mpaka mwisho. Hiace ya asubuhi inapita Kemondo, inapita Muhutwe, na kabla jua halijawa kali abiria ameshashuka. Kwa sababu hiyo ofisi zetu huuona uhamisho wa Bukoba kwenda Muleba kuwa jambo dogo: barua moja, sahihi moja, muhuri, mtumishi akaripoti kituo kipya. Fedha atazikuta mbele ya safari, au hatazikuta kabisa. Uhamisho wa namna hiyo ni dhuluma, nami sioni jina lingine la kuupa.

Sheria ipo, wala haimwachi mtu gizani. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinampa mtumishi anayehamishwa na mwajiri wake posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Zinampa posho ya kujikimu kwa siku zisizozidi 14, yeye, mwenza wake na watoto wasiozidi wanne. Zinampa nauli ya familia na gharama za kusafirisha mizigo. Kwa mwalimu anayepokea shilingi 700,000 kwa mwezi, posho ya usumbufu peke yake ni shilingi 840,000. Mawaziri wa Utumishi na wa TAMISEMI wamekwisha kusimama majukwaani kwa nyakati tofauti wakaagiza kwamba asihamishwe mtumishi kabla fedha zake hazijatengwa. Agizo likitolewa mara nyingi hivyo, maana yake halitekelezwi.

Tumfuate mwalimu huyo siku anapokabidhiwa barua. Anaishi Hamugembe, vyumba viwili na sebule, na kodi ameshalipa mpaka mwisho wa mwaka kwa sababu mwenye nyumba hapokei chini ya miezi sita. Fedha hiyo harudishiwi hata senti. Anafika Muleba anakuta mwenye nyumba mwingine naye anataka miezi sita mkononi. Tuseme nyumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi: hapo zimekwenda 480,000 kwa mkupuo, na dalali anadai kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kumwonyesha mlango. Bado hajakodi Canter ya mizigo. Bado hajawalipa vijana wa kupakia na kushusha. Kabati lililomhudumia miaka linafika limepasuka, kitanda hakina mguu. Watoto wanahamia shule yenye sare ya rangi nyingine, daftari za aina nyingine na michango mingine. Kabla hajashika chaki, mtu huyu amelipia nyumba mbili kwa wakati mmoja, na mshahara wake ni ule ule mmoja.

Kodi ya miezi sita nayo ina historia yake. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Bunge likaifuta mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji amebaki mikononi mwa mwenye nyumba. Anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi analazimishwa kulipa kodi kana kwamba anavuna kahawa mara moja kwa mwaka. Aliyehamishwa ghafla ndiye anayeumia kuliko wote, kwa kuwa hakupata muda wa kudunduliza.

Fedha anaitoa wapi? Benki haitamsaidia, maana mkopo wa zamani unakatwa bado na sheria inataka abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Anakimbilia kausha damu. Anaacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mtu aliyekaa nyuma ya dirisha dogo, na kila mshahara ukiingia mtu huyo ndiye wa kwanza kuuona. Deni la mwalimu kwa mkopeshaji linapanda riba kila mwezi. Deni la Serikali kwa mwalimu halipandi hata shilingi. Miaka mitatu baadaye akilipwa ile 840,000, atalipwa 840,000 ile ile, baada ya bei za sokoni kupanda na baada ya kumlipa mkopeshaji mara mbili ya alichokopa. Ripoti za CAG zimekuwa zikitaja madeni ya watumishi yasiyo ya mishahara, na tunazisoma kama takwimu. Ndani yake kuna shuka, sufuria na ada za watoto wa watu.

Wapo watakaonijibu: Muleba maisha ni rahisi, mtu atafidia huko huko. Jibu hilo nimelisikia kwa watu wenye vyeo, na linanikera kwa sababu nusu yake ni kweli. Kwa mwenye kibanja Muleba ni neema. Migomba iko nyuma ya nyumba, maharage yamepandwa chini yake, kahawa inasubiri msimu, na mkungu unakatwa bila kufungua pochi. Msimu wa senene jirani anakuletea sahani iliyofunikwa, wakati Bukoba mjini unawanunua kwa kipimo na kulalamikia bei. Hayo ni maisha mazuri na sitaki mtu ayadharau. Lakini nesi aliyeletwa kutoka Bukoba, aliyezaliwa Dodoma au Mbeya, kibanja amekitoa wapi? Ardhi ya Wahaya inarithiwa, na mgeni aliyepanga vyumba viwili karibu na barabara hana hata mgomba mmoja wa kuuita wake. Ndizi ananunua. Maharage ananunua. Na katika duka moja lililopo kijijini, sabuni na mafuta ya taa vinauzwa kwa bei iliyoongezewa nauli ya kutoka Bukoba, naye hana duka la pili la kukimbilia.

Halafu kuna gharama ambazo hazionekani kwenye hesabu ya mkurugenzi. Mtoto akizidiwa kiasi cha kuhitaji daktari bingwa, safari ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Shauri la mirathi likifika Mahakama Kuu, ni Bukoba. Ofisi za mkoa, Bukoba. Kila safari ni nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Kijijini pia kuna wajibu ambao mtu wa mjini anaweza kuukwepa na wa kijijini hawezi. Ukikaa Kashai ukakosa msiba wa mtaa wa pili, hakuna atakayekuuliza. Ukikaa Nshamba au Kamachumu ukakosa msiba, umejitenga na watu, na siku yako ikifika utaona. Lazima ujiunge na chama cha kuzikana, ulipe kiingilio, utoe ndizi, kuni na saa zako. Ni utaratibu wa utu na ninaupenda. Ila una gharama, na mgeni huilipa tangu mwezi wa kwanza, mwezi ambao hana kitu.

Niliyoyasema mpaka sasa ni ya nchi kavu. Muleba ina kata zilizo katikati ya Ziwa Victoria: Bumbire, Goziba, Ikuza, Mazinga. Mwalimu wa sekondari aliyezoea bomba la BUWASA na bodaboda ya mlangoni anapewa barua ya kwenda Goziba, na hapo Canter haina kazi. Godoro, meza, vitabu na mtoto wa mwaka mmoja vinapakiwa kwenye boti mwaloni Nyamkazi au Kemondo, na ziwa linaangaliwa kwanza kama limekubali. Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa maji ni nini. Tarehe 21 Mei 1996 tulipoteza mamia ya watu katika MV Bukoba, na karibu kila ukoo hapa una jina la kutaja. Kumwambia mtu avuke na familia yake kwa fedha ya mfukoni, akitafuta boti yenye bei nafuu kwa sababu posho haijaingia, ni kumsukuma aipande boti iliyojaa kupita kiasi. Boti ya bei nafuu ndiyo iliyojaa. Akifika, unga unavushwa, mafuta ya kula yanavushwa, ndizi zinavushwa, na kila kilichovushwa kinauzwa ghali kuliko Bukoba. Kama kuna mahali posho ilipaswa kuwa mara mbili na kulipwa taslimu kabla ya safari, ni hapo.

Sasa niseme jambo linaloniuma kuliko yote. Serikali ina uhamisho wa aina mbili. Kuna ule wa mwajiri, wenye malipo kisheria, na kuna ule wa kuomba mwenyewe, ambao mtumishi anauomba akijua wazi kwamba gharama zote ni zake. Nani huomba? Mara nyingi sana ni mwanamke aliyeolewa. Mume ameajiriwa Bukoba, yeye amepangiwa kazi ndani kabisa ya Muleba, Kasharunga huko au kisiwani. Mtoto yuko kwa bibi. Anaomba kumfuata mwenza wake, anajaza fomu, anapiga simu, anaingia kwenye makundi ya WhatsApp kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo, anakaa miaka. Siku anayokubaliwa anaambiwa: umejiombea, jilipie. Ameomba kuishi na mumewe na kumlea mwanawe! Viongozi wanaohubiri malezi kwenye kila sherehe ndio hao hao wanaoihesabu ndoa ya mtumishi kuwa starehe binafsi isiyo na fungu. Aliyewatenganisha wanandoa hao ni mwajiri, alipowapangia vituo. Gharama ya kuwarudisha pamoja ni ya mwajiri.

Na mnajua anayeumia mwisho ni nani? Ni Muleba yenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 540,310 katika Wilaya ya Muleba, na 128,796 katika Manispaa ya Bukoba. Zaidi ya mara nne. Watu wako Muleba, lakini mtumishi aliyehamishwa bila malipo hahamishi maisha yake. Anaacha familia Bukoba, anapanga chumba kimoja chenye godoro chini, na kila Ijumaa mchana anakimbilia Hiace. Wengine wanasafiri kila siku, wanafika wamechelewa na wanaondoka mapema wawahi gari. Mama mjamzito anayeumwa Jumamosi usiku anakuta mlango wa zahanati umefungwa. Kipindi cha hesabu cha Ijumaa hakifundishwi. Halafu tunakaa vikao kujadili utoro na nidhamu ya watumishi, wakati tuliyavunja maisha ya mtu kwa barua moja na tukakataa kulipia.

Mzigo huu haumlemei mtumishi wa umma peke yake. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema kwamba mfanyakazi ambaye ajira yake imekoma mbali na mahali alipoajiriwa, mwajiri atamsafirisha yeye na mizigo yake kumrudisha, na kumlipa fedha ya kujikimu kwa siku zote anazosubiri. Wangapi wanalijua hilo? Mabinti wanachukuliwa Rubya na Kimwani kuja kufanya kazi za ndani Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam, na siku wakigombana na bosi wanatolewa nje na mfuko wa nguo, hata nauli hawana. Kila anayefanya hivyo anavunja sheria, hata kama ni mtu wa heshima, hata kama anakaa kiti cha mbele kanisani au msikitini.

Utetezi mkubwa wa ofisi ni mmoja: hakuna bajeti. Siukubali. Anayesaini barua ya uhamisho ndiye anayeijua kasma yake, na anajua ina kiasi gani asubuhi ya siku anayosaini. Kama kasma ni tupu, barua isiandikwe. Hakuna mkurugenzi anayeagiza saruji ya darasa bila fedha halafu akamwambia mwenye duka asubiri mwaka wa tatu, kwa sababu anajua saruji haitatoka dukani. Mwalimu anatoka kwa sababu anaogopa kufukuzwa kazi. Tunaitumia hofu yake kama mkopo usio na riba, na hilo ni jambo la aibu.

Madiwani wa Muleba na wa Manispaa ya Bukoba, kikao kijacho cha baraza ulizeni swali moja na mdai jibu la maandishi: watumishi wangapi wamehamishwa mwaka huu wa fedha, na wangapi kati yao walilipwa kabla ya kuondoka? Wabunge wa Muleba Kaskazini, Muleba Kusini na Bukoba Mjini, pelekeni bungeni hoja ya kumfuata mwenza kuhesabiwa uhamisho wa mwajiri, na ya kodi ya nyumba kulipwa mwezi kwa mwezi. Nawe mtumishi uliyepewa barua, usiipokee kimya. Andika barua ya madai siku hiyo hiyo, ambatanisha mchanganuo wa stahiki zako, pokelesha nakala yako masijala, igongwe muhuri wenye tarehe, kisha uitunze pamoja na vyeti vyako.