Nani atatuamsha nyumba ikijaa moshi?

Imepokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (RA), katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku, wenyewe wakiwemo ndani. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) alieleza kuwa moto ni adui yetu, na akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Katika riwaya ya Jabir (RA) ametajwa hata panya, ambaye huweza kuuburura utambi wa taa akawaunguza watu wa nyumba. Tazama, ndugu msomaji, jinsi maelekezo hayo yalivyo mahsusi. Yametaja saa ya hatari, ambayo ni saa ya usingizi, na yametaja chanzo, ambacho ni utambi ulioachwa ukiwaka.

Utambi wetu leo ni mwingine. Ni friji linalonguruma usiku kucha, ni chaja ya simu iliyoachwa kando ya godoro, ni nyaya za umeme zilizopitishwa ukutani tangu enzi za babu. Haya hatuwezi kuyazima yote tunapolala. Na moto wa godoro au kochi la sponji aghalabu huanza kwa kufukuta, ukitoa moshi muda mrefu kabla ya kuonekana mwali. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo humzamisha zaidi usingizini aliyelala badala ya kumwamsha. Pua hulala pamoja na mwenyewe. Sikio ndilo linalobaki na uangalizi kidogo, na kwa ajili ya sikio hilo kimetengenezwa king'ora cha moshi, kifaa kisichozidi ukubwa wa kisahani cha chai.

Wakaazi wa Mji Mkongwe tumezoea kusema kuwa nyumba ya mawe haiungui. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, kweli, lakini dari zimebebwa na boriti za mikoko, milango na madirisha ni mbao, na ngazi, ambayo ni mbao vilevile, mara nyingi ndiyo njia pekee ya kushukia. Moto ukianza chini, uwazi wa ngazi hugeuka bomba la moshi, na bibi aliyelala juu na wajukuu zake hufikiwa na moshi kabla hajaamka mtu wa kuwaita. Nje, vichochoro vingi havipitishi gari la Zimamoto. Askari wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi watafika, lakini mpira wa maji utavutwa kwa mikono kutoka barabarani. Dakika za mwanzo ni za wenye nyumba peke yao.

Mwenye shaka na faida ya kifaa hiki na atazame yaliyotokea London tarehe 14 Juni 2017, ndani ya Ramadhani ya mwaka 1438. Muda mfupi kabla ya saa 7 usiku moto ulianzia kwenye friji katika ghorofa ya 4 ya jengo la Grenfell Tower. Mkaazi wa nyumba ile aliamshwa na king'ora chake cha moshi, akawapigia simu wazimamoto na kuwagongea majirani. Lakini jengo zima halikuwa na king'ora cha pamoja. Miongoni mwa waliowaamsha wenzao walikuwamo Waislamu waliokuwa macho wakisubiri daku. Walifariki watu 72. Sababu za msiba ule ni nyingi, na kubwa yake ni vifuniko vya kuta vilivyoshika moto; hata hivyo inatosha kujiuliza ingekuwaje lau mwezi ule haukuwa Ramadhani. Na hapa Tanzania, usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020, liliungua bweni la skuli ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoa wa Kagera. Watoto 10 walipoteza maisha. Allah (SW) awarehemu.

Viko ving'ora vinavyotambua moshi kwa mwanga, na viko vinavyotumia chembe ndogo ya madini yenye mnururisho. Cha mwanga ndicho kinachotufaa, kwani huuwahi moshi wa kufukuta na hakishituki ovyo kwa mafuta ya kukaangia. Kiwe cha betri. Waliokaa gizani Unguja takriban miezi 3, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Moshi hupanda, hivyo mahali pake ni darini. Penye boriti kifungwe chini ya boriti yenyewe, si katika uwazi baina ya boriti na boriti, ambako moshi huchelewa kuingia. Bora kila chumba cha kulala kiwe nacho, na kingine ukumbini nje ya vyumba, na kila ghorofa isikose, hasa juu ya ngazi. Mwenye uwezo wa kimoja tu akiweke ukumbini karibu na milango ya vyumba vya kulala, umbali wa mita 3 au zaidi kutoka jikoni.

Na udi? Hapa ndipo ving'ora vingi vinapouawa. Usiku wa kuamkia Ijumaa mama anatia udi chetezoni, kifaa kinalia, kijana anapanda kigodani na kuchomoa betri "kwa muda". Muda huo hauishi. Udi hauna kosa, na king'ora hakina kosa. Chetezo kisogezwe mbali nacho na dirisha lifunguliwe. Vingi vina kitufe cha kukinyamazisha kwa dakika chache, kisha hurejea kazini chenyewe.

Kila mwezi kijaribiwe kwa kubonyeza kitufe mpaka kilie. Sisi tunao utaratibu mzuri kuliko kalenda ya ukutani: mwezi ukiandama, baada ya Magharibi, chukua mpini wa ufagio ubonyeze. Betri hubadilishwa kila mwaka, isipokuwa zile zilizofungiwa ndani kwa miaka 10. Anayebadilisha kila Muharram atakuwa ametangulia kwa siku kama 11, na hilo halidhuru. Kikianza kutoa mlio mfupi kila baada ya muda, betri inakufa. Vumbi la chokaa na utando wa buibui viondolewe kwa brashi laini, na mpaka rangi asikipake rangi wakati wa matayarisho ya Idi. Nyuma yake imeandikwa tarehe ya kutengenezwa. Ikipita miaka 10, kinunuliwe kingine.

Kikilia usiku, watoke. Lakini watatokaje ikiwa madirisha yana nondo na mlango umefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa baba? Ufunguo utundikwe ndani mahali panapojulikana na wote. Watoto wengi hawaamki kwa mlio huo, basi kila mtoto apangiwe mkubwa wa kumchukua. Na dada zangu, kanga au buibui liwe karibu na kitanda. Likikosekana, tokeni hivyo hivyo. Dharura ina hukumu zake, na kurudi ndani kutafuta stara kunaweza kugharimu roho.

Wapangaji, wakiwemo wa nyumba za wakfu, huuliza nani anunue. Rai yangu ni kuwa anayelala ndani asimsubiri mwenye nyumba: ni skrubu mbili tu, hapana ukuta wa kuchimbua, na siku ya kuhama mtu atakibeba au atakiacha kiwe sadaka. Kwa wajane na wazee wanaoishi peke yao, kamati za misikiti ziwanunulie kutoka mfuko wa sadaka, na kijana mmoja mwenye ngazi apewe orodha ya nyumba za kuzungukia kila unapoandama mwezi.