Picha Yenye Ukungu



Mwezi huu nitaacha kidogo habari za chanjo na lishe, nizungumzie jambo lililotupata nyumbani. Agosti 2023 tulimpeleka mama mkwe wangu kwenye miamba iliyo karibu na Ziwa Singidani, kwa kuwa alitamani kuliona tena. Tulimpiga picha moja tu kwa simu, ameketi juu ya jiwe, ziwa likiwa nyuma yake. Novemba alitutoka. Tulipoitafuta picha ile ili tuisafishe na kuitia kwenye fremu, tuliona ziwa limepauka kama maji ya mchele, na ng'ambo haionekani kabisa.

Sisi wa Singida tunaujua upepo wa kiangazi na vumbi lake. Chembe za vumbi na moshi zilizo hewani hutawanya mwanga wa jua, na mwanga huo huingia kwenye kamera na kuifunika picha kwa weupe. Kitu kikiwa mbali, hewa yenye vumbi iliyo kati yake na kamera ni nyingi zaidi, nacho huzidi kufifia. Ndiyo maana bibi alionekana, ziwa likapotea.

Binti yangu alifungua programu ya Lightroom, ambayo tangu mwaka 2015 ina chombo kiitwacho Dehaze, yaani cha kuondoa ukungu. Akakisukuma mpaka mwisho. Ziwa likatokea, lakini anga likawa la rangi ya wino, na uso wa bibi yake ukawa mweusi, makunyanzi yamechimbika kama nyufa za udongo. Mume wangu alitazama, akasema polepole, "Huyu siye mama." Akatoka nje.

Usiku ule tulianza upya, mimi na binti. Haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Fanya kazi kwenye nakala, picha ya asili uiache kama ilivyo. Ukikosea utarudi mwanzo.

2. Ongeza kidogo kidogo, kama tunavyopima dawa ya mtoto. Sisi tuliishia karibu robo tu. Programu hukoleza vivuli na rangi. Haiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikukiona.

3. Ulinde uso. Katika Snapseed, programu isiyolipiwa, kuna chombo kiitwacho Selective: unagusa mahali unapotaka, kisha unaongeza mwanga hapo peke yake. Hivyo uso wa bibi ulirudi kuwa wake.

4. Picha ikigeuka buluu kupita kiasi, punguza ukali wa rangi.

5. Mwonyeshe aliyemfahamu mtu huyo kabla hujaipeleka kusafishwa.

Kinga nayo ni bora kuliko tiba. Simu zetu hushikwa na mikono yenye mafuta ya kupikia, kwa hiyo futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini na safi kabla ya kupiga. Piga picha asubuhi kabla upepo haujaamka, au siku inayofuata mvua, hewa ikiwa imeoshwa. Jua likiwa mbele yako ukungu huonekana zaidi, ligeuzie mgongo. Na mtu umsogeze karibu nawe.

Asubuhi nilimwonyesha baba watoto. Ziwa lilionekana, ingawa ng'ambo bado kuna utando kidogo wa vumbi. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza fremu inauzwa shilingi ngapi. Jumamosi aliitundika mwenyewe sebuleni.

Nina jambo moja ninalojutia, na hakuna programu ya kulirekebisha. Siku ile bibi alitaka tukae zaidi, nami nikaharakisha kwa sababu ya zamu ya jioni. Mama mwenzangu, mzee wako akikuomba umpeleke mahali, mpeleke, ukae naye. Wala usipige picha moja tu.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.